Mgao wa Maji Umehamia Mdomoni

Noti zikigandana, mtu mzima analamba kidole, anazitenganisha, maisha yanaendelea. Kazi ya sekunde. Mimi imenishinda. Nimesimama dukani kwa Mangi, foleni imejaa mgongoni kwangu, nalamba kidole cha shahada, kinatoka kikavu vilevile kilivyoingia. Nalamba tena. Nahamia cha kati. Nikamalizia na gumba, hilo nikalizamisha lote. Kitoto fulani kilichotumwa mafuta ya kupima kikauliza, kwa sauti ambayo hata vijana wa bodaboda ng'ambo ya barabara waliisikia, "Babu, mbona unanyonya kidole?" Kwanza mimi si babu. Pili, sikuwa na la kujibu. Mangi akachoka kusubiri, akazichukua zile noti, akalamba kidole chake yeye, akahesabu hela yangu kwa mate yake. Chenji akanipa imelowa. Nikasema asante.

Ndiko nilikofika. Nimeishiwa mate. Hela nimezoea kuishiwa, kwa hilo wala simsumbui mtu. Unga nishaishiwa, gesi nishaishiwa, bando ndiyo usiseme, vyote nikakopa kwa jirani. Mate unamgongea nani mlango?

Asubuhi naamka ulimi umeng'ang'ania kaakaa. Kuubandua ni shughuli. Ukibanduka unatoa mlio, tak! Siku za mwanzo mama watoto aliwasha taa akitafuta mjusi. Midomo nayo imeshikana na meno, kwa hiyo nikitaka kusema nimeamkaje nabaki nimekenua, kicheko si kicheko, kilio si kilio. Mkate wa boflo ndio umenitesa zaidi. Unautafuna, unageuka mchanga. Unaendelea kutafuna, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Siku moja mgeni kabisha hodi mimi nina biskuti kavu mdomoni, nikaitika "karibu", likatoka wingu. Mgeni wa watu kajifuta shati kimyakimya. Hajarudi.

Hapo bado hamjasikia la kijiweni. Midomo yangu ilikuwa imekauka, imepauka, ina nyufa. Harufu ya mdomo nayo ilikuwa inanitangulia. Sasa watu wa pale wana heshima zao. Wakakubaliana, bila kuniuliza, kwamba mzee kaanza kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Nikakuta nimepandishwa cheo. Wananisogezea benchi. Wananiombea. Ila sahani ya mihogo ya kuchoma ikipita, inanivuka. Kahawa inanivuka. Nanyoosha mkono, jirani yangu fundi seremala anaurudisha taratibu, ananiambia, "Jikaze mzee wangu, Magharibi si mbali." Nitamwambiaje kwamba nimetoka nyumbani nimekula chapati mbili na maharage? Nimekaa pale tumbo likinguruma kwa ajili ya ucha Mungu ambao si wangu.

Basi nikajitibu. Na hapa naomba nieleweke, maana nilikuja kusemwa sana baadaye. Mdomo mkavu unatibiwa kwa kitu kitamu, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ukiweka pipi, mate yanakuja. Nikanunua pakiti ya pipi za ndimu, zile ngumu, nikaweka mfuko wa shati. Moja shavu la kulia, ikiisha nyingine shavu la kushoto, ili mashavu yasionewe. Soda nikawa sinywi kwa mkupuo, nainywa kidogokidogo toka saa nne mpaka adhuhuri, kiungwana. Kijiweni, nilipofanikiwa kuwashawishi kwamba sijafunga, nikawa na kahawa yangu na kashata, kashata nyingine, kahawa nyingine. Halafu mtu akanitumia sauti kwenye WhatsApp, daktari gani sijui, anasema maji ya limao yanasafisha mwili mzima. Nikaongeza na limao. Kwa kweli nilikuwa najitunza kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Jino la mbele likakatika kwenye ndizi.

Si mfupa, si muwa, si karanga. Ndizi mbivu! Kipande kimebaki ndani ya ndizi kinaniangalia. Nikaenda kwenye kioo. Chini kabisa ya meno, pale yanapokutana na fizi, kila jino la mbele lina mstari wa kahawia na kijishimo. Magego yangu ya kutafunia, ambayo ndiyo niliyokuwa nayapiga mswaki kwa nguvu, mazima. Yaliyooza ni yale ya mbele, ya kuonekana, ya kusalimia watu.

Kliniki niliyokwenda siitaji. Wana benchi lao la mbao na televisheni isiyo na sauti, inatosha. Daktari ni binti mdogo, kwa umri ni kama kifungua mimba wangu. Akanilaza kwenye kiti, akanifungua mdomo, akaingiza kile kijioo chenye mkono, ndipo akakumbuka adabu. "Shikamoo baba." Jaribu kuitikia marahaba ukiwa na chuma mdomoni. Akataka kukitoa kioo. Hakitoki. Kimenata ndani ya shavu. Akavuta, shavu likaja nalo. Akakizungusha kidogo, kikabanduka. Akamwita mwenzake. "Njoo uone." Mwenzake akaja, wakakibandika tena, wakakibandua tena. Nimelala pale, nimekuwa somo.

"Baba," akasema, "mdomo wako mkavu sana."

Hilo mimi ndiye niliyekwenda nalo! Nimepanda daladala mbili kupeleka habari, narudishiwa habari ileile.

Akanipa kikombe kidogo cha plastiki. Niinamishe kichwa, nisimeze, nisiteme, niache mate yadondokee humo yenyewe, yeye anaangalia saa. Mtu aliyelelewa kwa kuambiwa usiteme mate hovyo, leo kaombwa mate rasmi, kapewa na chombo, hana. Nimeinama na kikombe kidevuni. Mlango uko wazi. Kwenye benchi kuna mama na mtoto wake, na yule mtoto, kwa sababu ya woga wa kung'olewa jino, udenda unamtoka mpaka kifuani. Anautoa bure, anaufuta na mkono wa sweta. Mimi huku nautazama kwa kijicho. Dakika zikaisha. Daktari akakichukua kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakipindua kidogo. Kulikuwa na povu. Povu tu, la kuzibia tundu la sindano.

Akanieleza kwamba mtu akiwa amekaa kimya, hali wala hatafuni, mate hutoka kama theluthi moja ya mililita kila dakika. Yakishuka chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, huo ndio ukavu wenyewe wa kitabibu. Mimi nilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Kwa siku nzima, ukijumlisha na ya wakati wa kula, mtu wa kawaida anatengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Lita moja na nusu! Ile chupa kubwa ya maji ya dukani! Nikapiga hesabu pale pale kitini, maana hesabu za bure ndizo ninazozijua. Hata ukimkadiria mtu lita moja, kwa mwaka hilo ni pipa la lita mia mbili, na la pili linakaribia kujaa. Na kila mtu analo. Yule mtoto wa benchini analo. Konda aliyenizomea asubuhi analo. Viwanda vyake eti ni jozi tatu za tezi kubwa, mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, halafu kuna vitezi vidogo mamia kwa mamia vimesambaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Miundombinu yote hiyo, na mimi natoa povu.

Mtaani kwetu tuna mgao wa maji. Yanatoka usiku wa manane, tunaamka na ndoo. Nikamwambia daktari mdomo wangu umeingia kwenye mgao. Akacheka, akasema wa mdomo ni kinyume, maana usiku mate hupungua hadi karibu na sifuri hata kwa mtu mzima wa afya, ndiyo sababu kila mtu anaamka na harufu. Kwako wewe baba, akasema, hata mchana hayarudi. Mabomba yapo. Kuna kitu kimefunga koki.

Hapo nikauliza swali la maana. Kukauka kwa mdomo na kukatika kwa jino vinahusiana nini? Maana miaka yote najua meno yanalindwa na mswaki. Yule binti akashusha barakoa. Akavuta kistuli. Nikajua leo nimeuliza.

Bakteria wanakaa kwenye ukoga wa meno, hilo nilishalisikia. Nisilolijua ni kwamba sukari ninayokula mimi, wanaila na wao, halafu wanatoa asidi. Ndani ya dakika chache tu. Kuna kipimo cha uchachu, maji safi yanasoma saba, na kikishuka mpaka kama tano na nusu ganda la jino linaanza kuyeyuka. Linayeyuka hasa, madini yanatoka. Mate ndiyo yanayokuja kuzima ile asidi, yana bikaboneti ndani yake. Yanaisafisha sukari iliyobaki. Yanabeba kalsiamu na fosfeti na kuvirudisha kwenye jino palipolika. Tena yana askari wa kuua vijidudu. Baada ya nusu saa, au saa moja hivi, jino limekaa sawa. Kumbe kinywa changu kilikuwa kinafanyiwa ukarabati kila baada ya chai, miaka yote hii, na hakuna aliyenitajia. Mabango ya mswaki nimeyaona tangu darasa la kwanza. Bango la mate sijawahi kuliona hata moja.

Akageuza risiti yangu, akachora. Mstari unashuka ghafla, unapanda polepole. Mchoro huo eti uliletwa na Mmarekani mmoja, Stephan, miaka ya 1940, na mpaka leo madaktari wa meno wanaukariri. "Huu ni wa mtu mwenye mate, amekula pipi moja. Sasa huu ni wako." Akaanza mstari mwingine. Ukashuka. Akachora pipi nyingine kabla haujapanda, ukabaki chini. Soda ya kidogokidogo, chini. Kashata, chini. Akaniuliza na limao nalinywa saa ngapi. Nikasema saa zote. Akasema limao halihitaji hata bakteria, lenyewe ni asidi tayari, linaenda kwenye jino moja kwa moja. Mstari wangu ukatokea pembeni ya risiti bila kupanda. Ile risiti ninayo mpaka leo, siwezi kuitumia hata kudai kazini, imejaa michoro.

"Kwa hiyo baba, mdomo umekauka, na wewe kwa wema wako ukauogesha kwa sukari kutwa nzima."

Kwa wema wangu. Angalau hilo alilitambua.

Na kwa nini pale kwenye fizi? Kwa sababu ufizi ukishuka kidogo, shingo ya jino inabaki wazi, na hapo hakuna lile ganda gumu, kwa hiyo panaoza upesi. Mtu mwenye mate hapo panasafishwa muda wote. Mwenye mdomo mkavu huozea hapo kwenye shingo, na wakati mwingine hata kwenye ncha za meno, sehemu ambazo watu wengine haziwaozi kabisa. Hata kuoza nimeoza kwa mtindo wa pekee.

Kisha ukaja msako wa nani kafunga koki. Unavuta sigara? Niliacha. Pombe? Nikatazama dari. Mirungi? Hapana, ingawa nina shemeji yangu Mombasa, yeye anatafuna miraa jioni nzima na bigijii na soda juu yake, na kwa jinsi nilivyoelewa mchoro wa bwana Stephan, nikampa pole kimoyomoyo. Macho yanakukauka? Eti kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inazigeukia tezi za mate na za machozi, wengi wanaoupata ni wanawake, na unaitwa kwa jina la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliyeuandikia tasnifu mwaka 1933. Nikamwambia machozi yangu yako vizuri, hasa ikifika tarehe ishirini. Ulishawahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni? Hapana. Akasema hao ndio wanaopata tabu kweli, tezi zinaungua na mionzi na nyingine haziamki tena, mtu anaishi na chupa ya maji mkononi maisha yake yote na meno yanateremka kwa kasi. Kwa hilo nikanyamaza. Malalamiko yangu nikayakunja kidogo, nikayaweka pembeni.

Nikatobolewa kidole kupima sukari, maana kisukari nacho kinakausha mdomo. Nimekwenda kwa ajili ya jino, natoka damu kidoleni. Sukari ikaonekana iko sawa. Daktari akashangaa. Hata mimi.

"Dawa gani unatumia?"

Nikatoa mfuko. Ni rambo, ule mweusi, niliouficha tangu ulipopigwa marufuku 2019. Wakautazama mfuko kwanza kabla ya dawa. Nikamwaga mezani. Vya presha, vile vya kukojosha, vinavyotoa maji mwilini. Cha usiku cha kutuliza miguu inayowaka, amitriptilini. Na vile vidogo vya njano vya mafua, vya kulaza. Daktari akavipanga mstari mmoja baada ya mwingine. Dawa zenye tabia ya kukausha mdomo ziko mamia, akasema, na hapa umeniletea wajumbe watatu. Hiki kinakojosha. Hiki kinazizuia zile neva zinazoiambia tezi itoe mate. Na hivi vya njano hivyohivyo.

"Vya njano nani kakuandikia?"

"Mimi mwenyewe."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Nikajieleza. Kwangu barabara ni ya vumbi, malori ya mchanga yanapita, pua inaziba. Pua ikiziba nalala mdomo wazi, feni inanipuliza mpaka kooni, nakoroma, mama watoto ananipiga kiwiko. Kwa hiyo nameza cha njano ili nipumue kwa pua. Daktari akasema kidonge hicho kinafungua pua na kufunga mdomo. Nikamuuliza sasa mimi nichague tundu gani. Akaniandikia dawa ya kupuliza puani.

Nikafurahi. Nikasema basi tatizo limekwisha, naacha dawa zote kuanzia leo. Daktari alishtuka kuliko aliposikia habari ya limao. "Usiache hata kimoja cha presha! Ukipooza utatafunia nini?" Nirudi kwa aliyeniandikia, nimweleze mdomo umekauka, yeye ndiye anayejua kama dozi inapunguzika au dawa inabadilishika. Nikaenda. Nimekaa foleni toka alfajiri na karatasi ya binti. Yule mzee wa kliniki ya presha akaisoma, akaniangalia, akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu hukuniuliza. Akasema yameandikwa kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi. Kikaratasi! Kile chenye maandishi ya sisimizi, nilikuwa nakikunja nakitia chini ya mguu wa meza inayocheza. Meza yangu ndiyo iliyokuwa na taarifa zote.

Huku nyuma mtaa ulikuwa umeshaamua. Kwenye ulimi wangu kulikuwa na utando mweupe na pembe za mdomo zimepasuka. Ni fangasi, daktari kasema, anakaa kimya midomoni mwa watu wengi tu, mate yakipungua anapata nafasi anatanda, na amenipa dawa ya kusukutua. Lakini mtaani ulimi mweupe una maana yake moja. Watu wakaanza kunipima kilo kwa macho. Mama mmoja wa jirani akaniletea uji wa lishe kwenye chupa ya chai, akanishika bega, akasema siku hizi dawa zipo, mtu anaishi. Mimi nikaunywa ule uji. Ulikuwa mtamu, na unateleza. Kupima nilipima, niko salama, ila nikitoa ushahidi kijiweni naonekana najitetea, nikinyamaza naonekana nakiri. Nimeamua kupokea uji.

Na mama mkwe naye. Huyu ana meno ya bandia, na ana presha kunizidi. Nilipata kuyaona yale meno yakishuka kwenye shughuli moja, katikati ya salamu za pande mbili za ukoo, yakaangukia kwenye sahani ya pilau. Sahani yenyewe yangu. Mkwe wako, mbele ya wajomba zake, meno yake yako kwenye nyama yako. Hapo mtu unafanyaje? Ukiyaokota, umemvunjia heshima. Ukiyaacha, unakula na nani? Nikaifunika sahani na kawa, nikaiinua yote nikaipeleka jikoni nikidai nina ujumbe kwa wapishi. Tangu siku hiyo yeye na mimi hatutazamani usoni. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba meno ya bandia yanashikwa na utando mwembamba wa mate kati yake na fizi. Mate yakikauka hayashiki. Kwa hiyo yule mama hakuwa na kosa la gundi wala la fundi. Ni vidonge. Nikamwambia mama watoto, yeye akampigia mama yake. Nilidhani nimefanya jambo la kheri.

Matibabu yangu sasa. Meno yamezibwa, lile la ndizi limejengewa kipande, nimepakwa dawa ya floridi inayonata, nimeambiwa nisile kigumu siku hiyo. Nikipiga mswaki usiku niteme povu tu, nisisukutue na maji, ili floridi ibaki kwenye meno. Mimi ni mtu wa jagi zima! Sasa nalala na ladha ya dawa ya meno, mama watoto anasema nanukia kama hoteli. Kuna mwenzangu wa kazini, kwao Arusha, meno yake ya kahawia tangu utoto kwa sababu maji ya kwao yana floridi imezidi. Nilipomweleza nanunua floridi dukani, alicheka mpaka akakaa chini. Kwao walikuwa wanachota kwa ndoo.

Maji ninywe fundo fundo kutwa. Nakunywa. Halafu na kile kidonge cha kukojosha mwanzoni kilikuwa bado kipo palepale. Fikiria wewe foleni ya Mbagala, daladala imesimama, mtu umeshika chupa mkono mmoja na bomba la dari mkono mwingine, umebana.

Kashata sijakatazwa, nikazijadili kama mtu anayedai urithi, tukafikia mwafaka kwamba nizile pamoja na mlo, nimalize, basi. Pipi za ndimu zimefutwa. Badala yake nitafune bigijii isiyo na sukari, yenye zailitoli, ambayo bakteria hawawezi kuitengenezea asidi, na kule kutafuna kunaziamsha tezi. Mangi hana. Nikaenda supamaketi. Bei niliyokuta, mtu nalipa zaidi kwa sababu kitu hakina kitu ndani! Na sasa mimi ndiye mzee anayetafuna bigijii mtaani. Kwenye kikao cha mtaa mjumbe alisimamisha hotuba yake, akasema anawasubiri wenye dharau wamalize. Nikaitoa, nikaibandika chini ya kiti. Ulimi ukashika kaakaa. Nikapewa nafasi ya kuomba radhi, nikafungua mdomo, ikatoka tak.

Nilimuuliza daktari kama hakuna kidonge cha kuleta mate, maana vya kukausha vimejaa. Akasema kipo, kinaitwa pilokapini, kinatokana na mti wa Brazili, lakini kinaamsha na jasho pamoja na mengine, na si cha kila mtu, hasa mwenye mambo ya moyo au kifua. Nikasema jasho ninalo la kutosha, nipe tu. Hakunipa. Akaniambia tuanze kwa kutafuna na maji, dawa za presha nazo zishabadilishwa, tuone. Na kusema kweli kuna unafuu. Juzi nilipita karibu na mtu anachoma mishikaki, nikasikia kitu kimetokea chini ya ulimi. Nikasimama pale pale barabarani kuhakikisha. Nilikuwa nameza mate! Muuza mishikaki akaniuliza mzee nikuwekee mingapi. Sikuwa na hela.

Jana usiku simu ikaita, mama mkwe. Hajawahi kunipigia mimi tangu pilau ile. Kasikia nina daktari wa midomo mikavu, mtaalamu, anazijua dawa za presha zote. Anapanda basi la alfajiri kutoka Tanga, anakuja na mfuko wake wa vidonge na meno yake, na amesema nimpeleke mimi mwenyewe, mama watoto atakuwa kazini. Foleni ya pale benchini inachukua nusu siku. Chakula, amesema, atabeba. Pilau.